Ukuta Mpya Mbele ya Ukuta Mkongwe: Habari za Vyumba vya Chini ya Ardhi vya Chicago

Katika nchi zetu hizi ardhi haigandi kwa baridi, na kwa sababu hiyo mwenye nyumba akichimba msingi wa futi mbili au tatu huona ametosheka. Sivyo ilivyo katika miji ya kaskazini ya Marekani. Huko, wakati wa kipupwe, maji yaliyomo udongoni hugeuka barafu, na barafu hiyo ikivimba huweza kuinua nyumba nzima na kuipasua. Kwa hiyo msingi hauna budi kushuka hadi pale ambapo barafu haifiki. Katika jiji la Chicago kina hicho ni inchi 42, yaani sentimita 107. Aliyekwisha kuchimba kiasi hicho pande zote za nyumba huona ni gharama ndogo kuongeza futi nyingine tatu au nne, akapata orofa kamili chini ya miguu yake.

Wajenzi wa zamani hawakuichimba orofa hiyo ili watu walale humo. Walikusudia tanuri la kupasha nyumba joto, shehena ya makaa ya mawe, kamba za nguo na mitungi ya matunda yaliyohifadhiwa. Chicago ina nyumba za matofali za aina ya banglo zipatazo 80,000, zilizojengwa kati ya mwaka 1910 na 1940 hivi, na chini ya kila moja, isipokuwa chache, kuna chumba cha namna hii. Makaa ya mawe yalipoachwa na tanuri likawa dogo la kutumia gesi, pakabaki nafasi tupu. Nyumba zilipopanda bei, watu wakaanza kuigeuza nafasi hiyo kuwa sebule, vyumba vya kulala, au makao ya kupangisha.

Tumeona vyema kuzungumzia jambo hili kwa sababu si la wageni tupu. Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kukaa miaka mingi katika kambi za Tanzania walianza kupelekwa Marekani mwaka 2007, na baada yao wakafuata Wakongo kwa maelfu. Mtu anayefika katika mji mkongwe wa baridi akiwa na watoto na kipato kidogo huelekezwa mara nyingi penye kodi nafuu, na penye kodi nafuu mara nyingi ni chini ya ardhi. Baadaye, akijaliwa kununua nyumba yake mwenyewe, huwa nyumba kongwe, naye hutamani kuitengeneza orofa hiyo ya chini ili ndugu zake wapate pa kulala. Atatangaziwa na mafundi kwamba kazi ni nyepesi: mbao, misumari, mbao za jasi, rangi nyeupe, siku kumi basi.

Kusimamisha kiunzi cha mbao kwa kweli si kazi ngumu. Hatari yake ni kwamba ukuta mpya husimama mbele ya ukuta wa zamani na kuuficha. Ufa, unyevu, kuvu na waya mbovu vilivyoonekana jana, leo havionekani tena. Lakini vipo, na vinaendelea na kazi yake gizani. Fundi asiye mwaminifu hulijua hilo na huliuza. Nyumba iliyotiwa ukuta mweupe chini ya ardhi wiki chache kabla ya kutangazwa kuuzwa yafaa itazamwe kwa jicho kali zaidi kuliko ile iliyoachwa na zege lake tupu.

Basi jambo la kwanza ni maji, na halina budi kumalizwa kabla ubao mmoja haujakatwa. Chicago imejengwa juu ya ardhi tambarare iliyokuwa kinamasi kando ya Ziwa Michigan, kiasi kwamba kuanzia miaka ya 1850 wenyeji walilazimika kuinua barabara na majumba yao ili mifereji ipate kuteremka. Mpaka leo, katika sehemu kubwa ya jiji, mfereji mmoja hubeba maji machafu ya majumbani pamoja na maji ya mvua. Mwaka 1975 kazi ya kuchimba mahandaki makubwa ya kupokea maji hayo ilianza, na mahandaki yenyewe, yenye urefu wa maili 109, yalikamilika mwaka 2006. Hata hivyo, mvua ya tarehe 2 Julai 2023 ilipoyapiga maeneo ya magharibi ya jiji pamoja na miji jirani ya Cicero na Berwyn, vyumba vya chini vilijaa maji kwa maelfu, na kwa wengi maji hayo hayakuingia kwa mlango bali yalipanda kutoka katika tundu la mfereji sakafuni. Dawa yake ni vali ya kuzuia maji yasirudi, au kubadili mabomba kabisa ili maji machafu ya chini yapandishwe kwa pampu kabla ya kutoka. Kazi hiyo hudai kuvunja sakafu. Anayejenga kuta kwanza atazibomoa baadaye.

Maji mengine huingia taratibu, na haya ndiyo yanayowadanganya watu, kwa kuwa hayaleti kishindo. Mkaguzi mwangalifu hutazama chini ya ukuta, pale unapokutana na sakafu. Akiona unga mweupe wa chumvi, ule ambao waashi wa pwani huuita shura, anajua kwamba maji yamepita ndani ya tofali au zege, yakakauka na kuiacha chumvi nyuma. Hutazama pia miguu ya tanuri kama ina kutu, na nguzo za mbao za zamani kama zimekuwa nyeusi mahali pa chini. Kisha kuna jaribio jepesi ambalo kila mtu aweza kulifanya: kipande cha plastiki cha nusu mita kila upande hubandikwa juu ya zege na kuzibwa kingo zote kwa utepe, halafu huachwa siku mbili. Matone yakionekana chini ya plastiki, unyevu unatoka ardhini. Yakionekana juu yake, unyevu umo katika hewa ya chumba, na tiba yake ni nyingine.

Mara nyingi tiba ya maji ya ardhini haiko ndani ya nyumba hata kidogo. Iko nje, nayo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mifereji ya paa isafishwe, bomba la kuteremshia maji lirefushwe lipeleke maji mbali na ukuta, na udongo ujazwe hadi uteremke inchi 6 katika futi 10 za kwanza kutoka nyumbani. Tunalitaja jambo hili kwa msisitizo kwa sababu wauzaji wa rangi za kuzuia maji hawalitaji. Rangi iliyopakwa upande wa ndani wa ukuta haiyazuii maji yanayosukuma kutoka nje. Hubanduka kama ganda la kitunguu baada ya kipupwe kimoja au viwili.

Kwa nyumba kongwe zaidi, zile zenye misingi ya mawe au matofali yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, hadhari ni kubwa zaidi. Ukuta wa namna hiyo hupokea unyevu kutoka udongoni na kuutoa kwa ndani, na kwa miaka mia moja umekuwa ukiishi kwa kupumua. Ukizibwa ghafla kwa saruji au plastiki, unyevu hukaa ndani yake, chokaa hulainika na kumomonyoka. Tena ukihamiwa sana kutoka ndani, joto la nyumba haliufikii tena, na maji yaliyomo huganda humo humo na kulipasua tofali. Waashi wa Lamu na Unguja wanaotengeneza nyumba za mawe ya matumbawe wanalifahamu vizuri jambo hili la kwanza, kwani wameona kuta za chokaa zilizopigwa lipu ya saruji zikioza nyuma ya lipu hiyo. La barafu hawajalazimika kulijua.

Tuje sasa kwenye kiunzi chenyewe. Seremala wetu aliyezoea mbao ya mbili kwa nne atashangaa akiipima ile ya Marekani, kwani ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu. Jina limebaki la mbao kabla ya kukaushwa na kupigwa randa. Mbao hizo husimamishwa wima zikiwa na nafasi ya inchi 16 kutoka kati ya moja hadi kati ya nyingine, na nafasi hiyo ina sababu yake: ubao wa jasi una upana wa inchi 48, hivyo kingo zake mbili daima huangukia katikati ya mti. Anayejipimia nafasi zake kwa kukisia atagundua hasara baadaye, wakati ubao wa jasi utakapokosa pa kushikiliwa.

Ubao wa kitako, ule unaolala juu ya zege, hauwezi kuwa mbao ya kawaida. Zege hunyonya maji kutoka ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta, na mbao iliyolazwa juu yake huyanywa maji hayo mpaka ioze. Kanuni za ujenzi huagiza mbao iliyotiwa dawa kwa shindikizo. Hadi mwisho wa mwaka 2003 dawa iliyotumiwa katika mbao za majumbani ilikuwa na aseniki. Ilipoondolewa sokoni, zikaja dawa zenye shaba nyingi, nazo huila misumari ya chuma kitupu. Kwa hiyo msumari unaogusa mbao hiyo uwe umepakwa zinki. Chini ya ubao hutandazwa ukanda mwembamba wa sponji ili mbao na zege visigusane.

Kadhalika ukuta mpya usiuguse ule wa zamani, na hapa ndipo wengi wasio na subira hukosea. Wanaona inchi mbili za nafasi ni hasara katika chumba ambacho tayari ni kidogo, basi wanausukuma mti hadi kwenye zege. Lakini hakuna ukuta mkongwe ulionyooka. Umesukumwa na udongo tangu siku za babu, na katikati umetokeza tumbo. Fundi mwenye ujuzi hulitafuta kwanza lile tumbo, mahali ukuta ulipotokeza kuliko pote, naye huanzia kipimo chake hapo. Kisha hupiga mstari wa uzi wa chaki sakafuni kutoka pembe hadi pembe, na ukuta mpya hufuata uzi huo. Ikiwa lile tumbo limezidi, na ufa wa mlalo umeonekana katikati ya urefu, basi kazi ya seremala isimame. Ukuta huo unahitaji mhandisi. Mbao za inchi moja na nusu haziuzuii udongo kuingia ndani.

Katika nyumba mpya maseremala huunganisha kiunzi chote kikiwa kimelala sakafuni, halafu hukiinua. Chini ya ardhi, katika nyumba kongwe, mtindo huo huleta taabu. Sakafu huwa imeteremkia kwenye tundu la mfereji, maboriti ya juu yamepinda kwa uzee, na kimo cha chumba upande mmoja hutofautiana na cha upande wa pili kwa inchi nzima. Ni afadhali kujenga mti kwa mti. Ubao wa juu hupigiliwa kwenye maboriti, timazi huteremshwa kutoka ubao huo ili kuonyesha mahali pa ubao wa chini, halafu kila mti hupimwa na kukatwa kwa kimo chake peke yake. Pale ambapo maboriti yanakwenda sambamba na ukuta badala ya kuukata, ubao wa juu hauna pa kushikia. Hapo vipande vya mbao hukatwa na kutiwa kati ya maboriti kwanza. Kazi hii ni ya polepole, lakini haidai kabari nyingi wala matusi.

Kuna maeneo ambako hata hayo hayatoshi, na tunaomba msomaji atuvumilie tuiache Chicago kidogo. Katika jimbo la Colorado, kandokando ya jiji la Denver, udongo ni wa mfinyanzi unaovimba ukilowa. Sakafu ya zege iliyolala juu yake hupanda na kushuka kufuatana na mvua na theluji. Kiunzi kilichobanwa kati ya sakafu hiyo na maboriti hugeuka mkono wa jeki: sakafu ikipanda, huisukuma nyumba ya juu, milango ikakwama na lipu ikapasuka. Kwa sababu hiyo mafundi wa huko huuning'iniza ukuta. Ubao mmoja hukazwa sakafuni, kiunzi hufungwa kwenye maboriti ya juu, na kati yao huachwa nafasi ya inchi moja na nusu au zaidi. Misumari mirefu hupita katika matundu na kuuongoza ukuta usiyumbe, huku ukiiacha sakafu ipande ipendavyo. Hatujui mfano ulio bora kuliko huo wa kumwonyesha mtu kwamba ukuta huu wa ndani haubebi nyumba wala haukukusudiwa kubeba chochote.

Turudi kwenye baridi. Baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, Wamarekani walianza kuzihami nyumba zao kwa bidii. Chini ya ardhi walijaza sufi ya nyuzi za kioo kati ya miti ya kiunzi, wakaifunika kwa plastiki, wakaweka ubao wa jasi. Hesabu ilikuwa nzuri, lakini hewa haikuijua hesabu hiyo. Hewa yenye mvuke ilipenya katika sufi, ikaligusa zege lililo baridi, na mvuke ukageuka maji kama unavyoona kwenye chupa iliyotolewa katika friji. Maji yakateremka nyuma ya ukuta, na plastiki ikayazuia yasikauke. Watu wakasikia harufu ya uvundo wasijue itokako. Walipobomoa, walikuta kuvu nyeusi mpaka usawa wa kiuno. Wataalamu kama Joseph Lstiburek wameandika kwa miaka mingi kuipinga plastiki hiyo, na wengi wamewasikiliza. Leo fundi anayejua huanza kwa kubandika mabamba magumu ya sponji moja kwa moja kwenye zege kavu, akaziba viungo vyote ili hewa isipite, ndipo akasimamisha kiunzi mbele yake. Sponji hiyo huwaka kwa moshi mbaya, kwa hiyo lazima ifunikwe kwa jasi ya nusu inchi, na juu ya kiunzi pazibwe ili moto usipate njia ya kupanda nyuma ya ukuta hadi orofa ya juu.

Tumeyaacha nyuma makusudi mambo yanayoua. Mwenye kutaka chumba kizuri hupenda kulificha tanuri na tangi la maji moto ndani ya kabati la mbao. Tanuri la namna ya zamani huvuta hewa ya kuunguzia kutoka chumbani; likifungiwa bila matundu ya kutosha, moto hukosa hewa na huweza kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu usingizini. Kuna pia redoni, gesi itokayo ardhini, ambayo kwa Marekani ni sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya tumbaku. Hupimwa kwa kifaa cha bei ndogo, na ikizidi huvutwa kwa bomba kutoka chini ya sakafu hadi juu ya paa. Bomba hilo ni rahisi kulipitisha kabla ya kiunzi, si baada yake. Na vigae vya sakafu vya inchi tisa pamoja na kitambaa cheupe kilichozungushiwa mabomba ya zamani visivunjwe kabla ya kupimwa, kwani mara nyingi vina asbesto.

Kisha kuna dirisha. Kanuni zinazofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani hudai kwamba chumba cha kulala kilichoko chini kiwe na dirisha la kutokea, lenye uwazi wa futi za mraba 5.7 kwa uchache, na ukingo wake usizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Nyumba kongwe zina vidirisha vya kupitishia makaa tu. Kulikata zege na kuchimba shimo nje ni gharama, na wapo wanaokwepa gharama hiyo, wakajenga kuta, wakaweka kitanda, wakapangisha. Usiku wa tarehe 1 Septemba 2021, mabaki ya kimbunga Ida yalipofika New York, watu 11 walifia katika vyumba vya chini ya ardhi ndani ya jiji hilo. Maji yaliingia kwa kasi kuliko watu walivyoweza kupanda. Vingi vya vyumba hivyo havikuwa na kibali cha kukaliwa.

Kwa hiyo tunamshauri mwenye nyumba akate kibali ingawa kina ada na usumbufu, kwa kuwa kibali huleta mkaguzi, na mkaguzi hukitazama kiunzi, waya na mabomba vikiwa bado wazi. Ni afadhali pia kungoja. Mwenye nyumba mpya akiweza kukaa mwaka mzima na kuta zake tupu, ataona theluji ikiyeyuka mwezi Machi na atausikia unyevu wa Julai. Ndipo mbao za jasi zipandishwe, nazo zisiguse sakafu: kipande cha mbao cha nusu inchi huwekwa chini yake wakati wa kupigilia, halafu huondolewa, na ukingo wa chini hufunikwa kwa ubao wa pambo. Siku tundu la mfereji litakapofurika kidogo, maji yatapita chini ya jasi badala ya kunywewa nayo.